Kufuli ya Tatu

Sanduku la kikoba chetu lina kufuli tatu,
funguo tatu, mikono mitatu:
mmoja wangu, mmoja wa Zamda Mfinanga,
wa tatu wa Godeliva, fundi cherehani wa Pasua,
aliyeshona sare za nusu ya shule yetu.

Waraka ulibandikwa ofisi ya kata siku ya Jumanne,
juu ya tangazo la chanjo ya kuku.
Wenye hifadhi wote warejee kambini. Siku saba.
Tuliusoma vikapu vikiwa mikononi,
tukasema, huu hauna letu.

Kumbe.
Mwenye nyumba akadai vitambulisho
hata kwa wapangaji aliowasimamia ubatizo wa watoto.
Mwalimu mkuu akaita majina, akaongeza swali.
Nesi wa zahanati, aliyekuwa akiuliza unaumwa wapi,
sasa anaanza na umetoka wapi.
Na Zamda, Mpare wa Ugweno,
wa milima ile ambako hata mawe yanamjua,
aliulizwa na kijana wa bodaboda:
wewe nawe ni wa huku?
Akacheka.
Usiku akanipigia simu, hacheki.

Mimi nikapewa rula.
Afisa alitaka daftari la wanachama
liwe na safu ya uraia.
Nikapiga mstari, ukapinda.
Bibi yangu alivuka kutoka Taveta
na mbuzi wawili na mimba ya mama yangu.
Bibi, nikuandike wapi?

Godeliva aliondoka alfajiri, mlima umejifunika.
Cherehani alimwachia jirani,
na mashati kumi na moja yasiyo na vifungo.
Ufunguo hakuacha.
Labda alisahau.
Labda alitaka tumkumbuke kwa shida.

Alhamisi nne sanduku halikufunguka.
Eliaichi alitaka mkopo wa dawa za mumewe,
Ndeshi alitaka ada,
mwenye duka la vitambaa alitaka pesa yake ya Godeliva
na hakujua amdai nani.
Tulilizunguka sanduku
kama msiba usio na mfiwa.

Ya tano tukamwita fundi.
Msumeno ulilia muda mrefu, watoto wakaja kuchungulia.
Ndani, fedha zetu zote, hata mia haijapungua,
na kitabu chake cha hisa: mihuri kumi na tisa.

Mwenyekiti akasafisha koo.
Za kwake tuzigawe, au tuziweke?
Wa kugawa wanyooshe mikono.
Ikanyooshwa sita. Halafu saba.
Wangu ulibaki magotini,
haukupanda, haukukataa.
Naandika haya
isije ikasemwa kwamba nilipinga.

Tumenunua kufuli mpya sokoni Mbuyuni, elfu nane,
baada ya kuomba kupunguziwa.
Ufunguo wake uko mezani.
Kila Alhamisi tunaweka akiba,
tunaweka muhuri,
tunaulizana habari za nyumbani,
kisha kila mmoja anakumbuka ameacha maharage jikoni.
Ufunguo unabaki pale.
Hakuna anayetaka kuwa wa tatu.