Ndoo Nne

Fundi Mchopa alipitisha kidole ukutani,
akakitazama, akasema:
rangi haipakwi juu ya uchafu, dada.
Osha kwanza. Jumamosi si mbali.

Jumamosi wanakuja watu wa posa kutoka Tandahimba,
na Newala yetu hii maji hupanda mlima,
na bei hupanda nayo.
Nikanunua ndoo nne.
Kijana wa baiskeli akauliza mnapika nini kikubwa hivyo.
Naogesha nyumba, nikamjibu.
Alicheka mpaka akamwaga kidogo.
Yale aliyomwaga sijamsamehe.

Ndoo ya kwanza ilikwenda na tope.
Mvua za hapa huirushia nyumba udongo mwekundu
mpaka magotini, kama mtoto aliyetoka kucheza.
Tope halina kiburi. Ukilionyesha brashi ya makumbi
linashuka lenyewe.

Ya pili, kuvu ya nyuma ya pipa,
imejitandaza kama mwenye hati ya kiwanja.
Niliipaka sabuni ya unga na majivu,
nikaiacha ilowe, nikaenda kunywa uji.

Ya tatu, mabibo. Wanangu hufyonza bibo
wakafuta mikono popote ila kwenye nguo,
maana nguo nafua mimi, na mimi nina fimbo.
Ukuta haupigi mtu.

Kisha, chini ya dirisha la marehemu mama,
ile mistari.

Mifupi, myeusi, minne imesimama na wa tano umelala juu yake,
hivyo hivyo mara tatu,
na pembeni mmoja peke yake.
Chokaa imepita juu yake miaka na miaka.
Kila kiangazi inachungulia tena.
Mama hakuandika kwa mkaa.
Alichovya kijiti kwenye mafuta ya maganda ya korosho,
yale yanayobabua ngozi,
mkono kaufunga tambara.
Mkaa, alisema, mvua ikinyesha unasahau.

Utotoni nilidhani ni vifaranga,
wale waliochukuliwa na mwewe.

Nikasugua kwa sabuni. Nikasugua kwa mchanga.
Povu likageuka kahawia
na mistari ikazidi kuwa myeusi,
kana kwamba nimeinawisha uso.

Bi Somoe Chilumba wa ng'ambo ya barabara
alikuwa amesimama, sijui tangu ndoo ya ngapi.
Hakusalimia.
"Lete hiyo brashi."

Akapiga magoti, yeye mwenye goti bovu,
asiyeinama hata msibani,
akasugua.
Tope lililobaki hakuligusa. Kuvu hakuiona.
Ni ile mistari tu, mmoja mmoja, tangu wa kwanza,
midomo ikicheza bila sauti.
Nikasogea. Nikasikia:
kangomba, kangomba, kangomba.

Kumi na sita.
Zilizouzwa zingali maua mtini,
mwaka ambao mimi nilishonewa sare mpya
na mwanawe Hamisi aliacha shule.
Nani alimwokoa nani, nani alimla nani,
hilo ukuta haukuandika.

Alipofika ule wa peke yake akapumzika,
akapuliza vidole,
akaanza tena mwanzo.

Ndoo ya nne ilikuwa haijaguswa.
Niliisogeza taratibu karibu na goti lake,
nikaingia ndani
kutafuta brashi nyingine.