Jina la Mfarishi

Januari. Theluji imepanda hadi kwenye dirisha
la chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, Lunenburg.
Wanawake saba, cherehani mbili,
birika la chai, biskuti za tangawizi.
Orpha Eisnor anakata vitambaa.
Ana miaka themanini na minne, na mkasi wake hautetemeki;
anayetetemeka ni yeye, mkasi ukishawekwa chini.

Ni mfarishi wa kitukuu.
Hajazaliwa bado. Machi, wamesema, Mungu akipenda.
Shati la marehemu mumewe, la mistari ya samawati;
pazia la jikoni; gauni aliloolewa nalo bintiye Wilda;
fulana ya njano ambayo hakuna anayekumbuka ilikuwa ya nani.
Pamba tupu. Vyote vimefuliwa mara tatu,
vichuje vitakavyochuja, vinywee vitakavyonywea.

Weka vifungo, anasema Delphine, viwe macho ya sungura.
Hapana vifungo.
Utepe basi, pembeni, apate cha kushika.
Hapana utepe. Mtoto huujua ulimwengu kwa kinywa,
na kifungo hakijui kwamba si chakula.

Na ujazo wa ndani aliuchagua mwembamba,
mwembamba hata Delphine akacheka:
huu si mfarishi, Orpha, hii ni bahasha.
Orpha hakucheka.
Aliyeumwa na nyoka, ung'ongo humshtua,
na sisi wa rika lake tunajua.

Mwaka wa sitini na nane, Novemba,
alimlaza Lorne kifudifudi, kama daktari alivyoagiza,
kama sote tulivyoagizwa,
akamfunika mfarishi wa nyota nane,
mzito, wa sufu.
Alfajiri, kimya.
Miezi mitatu na siku nne.
Daktari hakujua. Mchungaji hakujua.
Hadi leo hakuna awezaye kumwambia Orpha
kwamba ni mfarishi, wala kwamba si mfarishi.
Analo jambo hilo kama sindano iliyopotelea ndani ya godoro:
hujui itakuchoma usiku upi.

Vuli iliyopita alikuja muuguzi kijana, Tamsin Corkum,
na mwanasesere ndani ya mfuko wa sokoni.
Akamlaza mezani, katikati ya vikombe vyetu.
Chali, akasema. Kila usingizi, hata wa mchana.
Godoro gumu, bapa. Shuka moja iliyobana.
Hapana mto, hapana dubu,
akameza mate, akatutazama,
hapana mfarishi.

Miaka hamsini ya vidole kutobolewa!
Delphine akauliza, Sasa sisi tunashona nini?
Na Orpha, bila kuinua macho:
Sakafu.
Tunashona sakafu.

Mahali pa kulala kwa tumbo mtoto akiwa macho
na mtu mzima akiwa macho zaidi;
atainua kichwa, kitamshinda, atainua tena,
atakojolea shati la babu wa mama yake,
na shati litafuliwa mara ya nne.

Nguo ipendwayo haikosi jina.
La huu liko mgongoni, kwa uzi mwekundu,
herufi kubwa, moja imepinda:

NITANDIKE CHINI, TUCHEZE.
AKISINZIA, NIONDOE.

Alikuja Machi, tarehe tisa, msichana, Odessa.
Yaliyobaki niliambiwa na Wilda.
Kwamba usiku ule Orpha aliomba aachwe chumbani.
Akapitisha kiganja juu ya godoro, kona hadi kona,
kama mtu atafutaye kitu
na kuomba asikipate.
Hakukuwa na kitu. Mtoto tu, chali,
mikono juu, kama aliyesalimu amri.

Kisha akauchukua mfarishi kutoka kitini,
akaketi, akajifunika mwenyewe.
Ukamfikia magotini, haukuzidi hapo.
Wilda alipochungulia saa tisa
alimkuta vilevile, midomo ikicheza,
akihesabu pumzi
zisizo zake.