Wopuwa Hakulala

Nilimzika mara tatu, mimi karani wa kodi,
maana mchimba kaburi alishakimbilia Sironko.
Kwanza na kamba yake shingoni,
kisha na mawe ya Mto Manafwa juu ya kifua,
mwisho kwa chokaa ya bohari ya serikali, Mbale.

Asubuhi, shimo tupu. Nyayo zapanda Bududa.

Alipokuwa hai aliiba rupia za Bwana Disii,
akazipenyeza usiku chini ya milango ya wajane.
Sasa haibi. Anabisha hodi tu,
kamba ikiburuta nyuma yake kama mkia wa ng'ombe,
na kila askari anayeng'atwa
huvua tarbushi, hulaza bunduki, humfuata.

Namono, mkewe, alimpikia malewa.
Yakamtokea kooni, pale kamba ilipokata.
Akamfuta kwa kiganja: "Kula polepole."

Disii anafoka: huyu ni maiti au mdaiwa?
Maiti halipi. Anayetembea hulipa.
Nimefungua daftari; wino umeganda.

Uani wamesimama arobaini,
hakuna anayehema.
Kila mmoja ameshika risiti
yenye sahihi yangu.