Fungu la Xurxo

Ofisini Monforte, mvua ikigonga kioo,
Eladio ameweka kofia magotini,
Dosinda ameshika orodha aliyoiandika
nyuma ya bili ya umeme.

Nyumba: atakayebaki aikalie mpaka mauti.
Hapo hawakubishana.
Mizabibu ya mtelemkoni kwa Brais,
maana ndiye anayepanda kuipogoa,
na Uxía aliye Zurich apewe fedha za benki,
ambazo (Eladio akakohoa) si nyingi.

Wakili akauliza: yupo mtoto mwingine?

Miaka kumi na mmoja Xurxo hajapiga simu,
tangu ule ugomvi wa trekta.
Mzee akainamia kofia yake
kama mtu anayesoma.

“Mwandike,” akasema Dosinda.
“Mwandike juu. Ndiye niliyetangulia kumzaa.”

“Na fungu lake?”

Tulingoja. Mvua ikapungua,
ikarudi.
“Trekta,” akasema mzee.
“Na umwambie ufunguo wake
wa mlango wa nyuma bado unafungua.
Kitasa hatujakibadilisha.”

Trekta niliiandika, na namba yake.
Mimi karani tu; sikujua
kitasa kinaingia kifungu gani.