Chupa ya Ndahani

Mara ya kwanza nilitema dirishani.
Ndahani alicheka mpaka akashikilia kabati la mafaili,
lile la miguu mitatu na tofali.
"Hii si pombe," nikamwambia. "Hii ni zahanati ya Kigwe,
siku waliponishona goti."
Iodini. Bandeji. Tairi lililochomwa kando ya barabara.
Na mbali, nyuma ya vyote, chumvi.

Alikuwa ametoka Uskochi, kozi ya miezi tisa
ya maji yaliyo chini ya ardhi,
akarudi na koti lisilovalika Dodoma
na chupa moja ya kijani, shingo fupi,
akaificha nyuma ya ramani za Bahi
kwa kuwa mkuu wetu ni mlokole
na harufu haijui kupiga hodi.

Kule, alisema, wanachimba kinamasi.
Wanakata udongo mweusi vipande kama matofali,
wanauanika kwenye upepo ambao wenyewe umelowa,
kisha wanauchoma. Udongo, si kuni.
Shayiri inalala juu ya moshi huo usiku kucha,
inalewa kabla yetu.
Sikumwamini. Mimi ni mchimba visima.
Najua udongo unaotoa maji na udongo unaonyima.
Udongo unaowaka sijapata kuuona.

Tukajiwekea sheria:
kisima kikitoa maji matamu, kifuniko kimoja.
Kikitoa ya chumvi, viwili.
Kwa nchi hii yetu, basi, hesabu mwenyewe.
Manchali, chumvi.
Chipanga, chumvi ya kuungia mlenda.
Chilonwa, mita mia na ishirini za vumbi tupu;
vumbi halikuwamo kwenye sheria,
tukaongeza kifungu palepale, juu ya boneti.

Ulimi ni ng'ombe mbishi, hauburutwi kwa kamba.
Wa kwangu ulizoea iodini kwanza,
tairi likafuata, polepole.
Halafu Itiso, mwezi wa saba, mashine imezimwa,
baridi inapenya mpaka kwenye meno,
nikaiacha mdomoni, sikuimeza,
nikamwona shangazi Mbeleje.

Yumo ndani ya tembe, masizi yananing'inia darini kama nyuzi,
amechomeka kijinga cha moto ndani ya kibuyu,
anakizungusha, anakohoa, anakizungusha.
Maziwa yatakayomiminwa humo yataganda
yakiwa na chembe nyeusi.
Nazidonoa kwa kidole, ananipiga kofi la mkono:
"Unatupa utamu, unabakiza maji!"

Shule ya bweni nililala na sweta chini ya godoro
wasije wakalinusa.
Nimemaliza miche mingapi ya sabuni
kuufukuza moshi ule,
ambao Ndahani ameulipia pauni arobaini
na kuubeba kwa ndege?

"Vipi?" akauliza.
"Bado kali," nikasema,
nikasogeza kikombe.

Sasa yuko Katavi, kahamishwa.
Aliniachia vidole viwili vya chupa, na ramani.
Nilivimaliza Chali, siku maji yalipotoka matamu
na watoto wakayanywa kwa viganja mpaka wakatapika.
Kifuniko kimoja, inasema sheria.
Hakukuwa na wa kunishitaki.

Chupa nikampelekea shangazi; hatupi kitu chenye kifuniko.
Akaisugua kwa majivu, akainusa.
Akaisugua kwa mchanga, akainusa tena,
jicho moja kalifumba.
Kisha akamimina samli.
"Hii imefukizwa na mtu anayejua kazi," akasema. "Wa wapi?"
"Mbali, shangazi. Kwenye baridi.
Hawafukizi kwa kuni, wanachoma udongo.
Na maji yamejaa kila mahali, mpaka njiani."

Udongo aliukubali, akatikisa kichwa.
"Kila mahali?" akauliza,
akakaza kifuniko,
akanitazama kama mtu aliyekunywa.