Boma la Kuku, Ndosho

Usiku wa Jumanne alichukua wanne.
Hakuwala. Aliwakata shingo, akawapanga
kando ya jiwe la kufulia kama viatu vya wageni,
akaenda zake.
Walibaki sita. Yule wa kijivu, tunayemwita Madamu,
nilimkuta juu ya paa la jikoni, hana mkia,
na hakutaga tena mpaka mvua zikapungua.

Kicheche, akasema Bauma seremala.
Fungo, akasema jirani yangu Mama Nsimire,
au mtu, akaongeza, akacheka peke yake.

Bauma alileta mbao za Masisi kwenye chukudu,
na nguzo nane za mkaratusi, bado zinanuka dawa ya kikohozi.
Akapiga sururu chini mara moja, ting!
Akanitazama.
Hapa hakuna anayechimba shimo, mama.
Hapa mlima ulishamimina sakafu.

Basi tukajenga juu kwa juu.
Tukaviringisha mawe meusi, yale yenye matundu kama mkate,
yanayochuna vidole na kula viatu,
kila nguzo tukaivika tumbo la mawe,
saruji robo mfuko, maji ya foleni ya saa mbili.
Nikasema: angalau naye hawezi kuchimba.
Bauma akaingiza mkono kwenye ufa chini ya ukuta,
hadi bega,
akautoa na unyoya.
Mwamba huu una koo, akasema.
Siku nzima tukalilisha koo lile kokoto,
vipande vya chupa,
na sahani iliyovunjika kwenye matanga ya mume wangu,
ambayo sikuwahi kujua niiweke wapi.

Wavu nilikosea. Nilinunua wa bei rahisi Birere,
wenye macho ya kupitisha yai.
Binti yangu Masika akapenyeza ngumi,
akamshika jogoo shingoni, akanigeukia bila neno.
Nikauza kitenge ambacho sijakishona,
nikarudi na wavu wa macho madogo,
hata nyigu angeomba ruhusa.

Paa: manjanja sita, tatu zikiwa na kutu.
Mvua ya huku haianguki, inatupwa,
kutoka upande wa Sake, imelala ubavu.
Bauma akaliinamisha paa lielekee huko
kama mrefu anayepita mlango mfupi.
Upande ule akauziba kwa mbao mpaka kifuani,
juu akaacha wavu tu,
maana kuku asiyepata hewa huuawa na mavi yake.
Na kwa kuwa majivu ya mlima hula bati,
nikalipaka lami kwa ufagio uliokufa.
Wiki nzima mikono yangu ilinuka barabara.

Mlango, makomeo mawili: la juu, la chini,
na msumari nilioupinda kwa ajili ya wasiwasi wangu.

Mama Nsimire alisimama kwenye ua wa matete, mikono kiunoni:
Kuku sita! Na gereza la wezi hamsini!
Na jioni Masika, akifunga mlango wetu kwa kamba:
Mama, kuku wametuzidi nyumba.
Sikujibu. Nilikuwa nahesabu misumari iliyobaki.

Usiku wa tatu alikuja.
Nilisikia mvua kwanza, kisha ndani ya mvua, kucha,
juu ya bati, zikipapasa
kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.
Madamu akanung'unika mara moja. Akanyamaza.

Asubuhi mchanga mweusi ulikuwa umelowa,
na mchanga uliolowa hausemi uongo.
Nyayo, vidole vitano vitano,
zimezunguka boma mara mbili,
zimesimama mlangoni mpaka zikazama,
kisha zimenyooka, bila haraka,
hadi kwenye ua wa matete.

Upande wa pili kulikuwa kimya mno kwa saa ile.

Nikachukua nyundo. Misumari nikaimimina mfukoni.
Masika, nikasema, kunja wavu uliobaki.
Ule mdogo.