Mmoja na Robo

Zamda ndiye aliyeliona kwanza.
Aliingia kibandani na chupa ya uji,
akasimama kuliani kwangu kama kawaida yake,
akasema, "Leo umeniangalia nusu."
Nikacheka. Kisha nikawaona akina Zamda wawili,
bega la mmoja limechomoza kwenye bega la mwenzake,
chupa mbili, na kanga mbili zenye jina moja.

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, saa tatu asubuhi.
Mezani, saa kumi na saba za watu:
za urithi, za mnadani,
na ile ya karani wa bandarini, inayogoma kila Ijumaa.
Nikiinamia kazi, kila kitu kilikuwa kimoja.
Gurudumu moja, meno yake yote,
skrubu moja ndogo kuliko punje ya ulezi.
Nikiinua uso, nikatupa macho kulia,
dunia inazaa pacha.

Jirani yangu Mlekwa, muuza betri, akasema
nimelogwa, au ni sukari.
Alisema yote mawili kwa sauti ileile.

Muhimbili, Daktari Rwegasira, kijana,
kalamu nyuma ya sikio kama seremala.
"Fuata kidole changu, shingo itulie."
Kushoto: macho yakaenda yote mawili.
Kulia: la kulia likaenda, likafika,
likaanza kutetemeka huko lilikofika;
la kushoto likabaki katikati,
kama mtu wa foleni aliyesikia jina,
asijue kama ndilo lake.

Akageuza karatasi ya maabara, akachora.
"Hili shina la ubongo. Hapa pana daraja."
"Daraja?"
"Ndivyo tunavyoliita."
Akapitisha nyuzi mbili, wima, zimekaribiana
kama mishale ya saa sita kamili.
"Amri ya kutazama kulia hufikia kiini cha kulia.
Hicho huvuta jicho lake,
na papo hapo hutuma neno ng'ambo:
livuke, lipande uzi wa kushoto,
likamwambie mwenzake wa juu, na wewe njoo.
Uzi wako wa kushoto umepata doa.
Kimshipa cha damu kimeziba.
Jicho ni zima. Msuli ni mzima.
Halikuambiwa tu."

Halikuambiwa.
Miaka thelathini na moja nafungua vitu vya watu,
napuliza vumbi, nasikiliza,
na kumbe ndani ya fuvu langu
mna ufundi ambao kibano changu hakiufikii.

"Sasa tazama kidole kikija puani."
Kikaja. Na macho yakaja,
yote mawili, hata lile kaidi, yakaingia ndani
kama watoto walioitiwa chakula.
"Amri ya kutazama karibu," akasema, "hupita njia nyingine."
"Jangwani ikifurika," nikamjibu,
"watu wa Magomeni huzungukia Kigogo."
Akacheka kidogo. Kisha akaandika dawa ya sukari,
na chumvi akaifuta kwenye maisha yangu kwa mstari mmoja.

Zamda akaacha kusimama kulia.
Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, karibu,
magoti yake yakigusa meza,
akinisomea majina ya wateja kwenye vikaratasi.
Ana kovu dogo chini ya kidevu.
Sikumuuliza amelipata lini.
Niliona aibu kuuliza, baada ya miaka yote hiyo.

Kila alfajiri nasimama mbele ya kioo,
nageuza macho kulia, natuma neno.
Wiki ya kwanza, kimya.
Wiki ya nne, kimya, na umeme umekatika.
Wiki ya saba jicho la kushoto likajongea
upana wa unywele, likasita, likajongea tena,
kama saa iliyotiwa ufunguo baada ya msiba.

"Zamda! Njoo usimame kulia."
Akaja, mikono ina unga.
"Wangapi?"
Nikamtazama sana.
"Mmoja na robo," nikasema.
Akaitazama saa ya ukutani, akaniambia nimechelewa.